Choo Kizuri cha Fundi Robo

Kaka yangu ni fundi seremala, na mtaa mzima unamwita Robo. Si kwa sababu ya ufupi wake, ingawa mrefu naye si. Ni kwa sababu ya ugonjwa wake wa robo inchi. Ukimwagiza kitanda cha futi sita atakuuliza, "Sita kamili, au sita na robo?" Mlango ukigoma kufunga anafumba jicho moja, anautazama kwa lile jingine, kisha anasema, "Robo hiyo." Kuna mteja aliwahi kubeba meza yake mpaka nusu ya njia, Robo akamkimbilia na randa mkononi kwa sababu alikumbuka mguu mmoja. Watu wanamcheka, halafu wanarudi kwake, maana meza zake hazichezi.

Ana tabia nyingine ambayo wateja hawaijui. Kila anachokitengeneza hukigeuza juu chini kabla hakijatoka karakana, akaandika vipimo kwa penseli mahali pasipoonekana. Urefu, upana, kimo, tarehe. Hata kitanda changu kimeandikwa chini ya ubao wa miguuni, na mimi ni dada yake, siwezi kukimbia nacho. Kwa mdomo ni mtu wa maneno machache sana. Nadhani penseli ile, ambayo haitoki nyuma ya sikio lake hata anapokula, ndiyo inayomsemea.

Mimi nina cherehani yangu kwenye baraza ya karakana hiyohiyo. Yeye yuko ndani na maranda yake, mimi niko nje na vitambaa vyangu, na mazungumzo ya pande zote mbili nayafanya mimi.

Katikati yetu alikuwapo Pini. Ni binti yake, wa pekee, mwenye miaka sita wakati ule. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuokota pini zangu sakafuni kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Alikuwa anazihesabu kwa sauti, akifika ishirini anaanza upya kwa sababu mbele yake hakukujua. Baba yake alimwita "mama", kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Mama, umekula?" "Mama, toka hapo kuna msumari." Ukiondoa hayo, sikumbuki Robo akimwambia mtoto yule jambo refu.

Mwaka huo Pini alianza shule. Wifi yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyemvalisha sare siku ya kwanza, sare niliyoishona kwa mikono yangu na kuiachia upindo mkubwa ili akue nayo. Aliporudi mchana alishika chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaanza kuandika herufi kwenye mbao za baba yake. A ilisimama vizuri. M ilisimama vizuri. S aliigeuza, ikatazama upande wa pili, na nilipomrekebisha alinijibu kwamba hiyo yake ndivyo inavyopenda kukaa.

Haikupita miezi miwili tukaanza kuona mambo. Kwanza Pini aliacha kuokota pini. Kisha akawa anasimama kwenye pembe ya karakana amebana miguu, uso umekunjamana, akiulizwa anasema "hakuna kitu". Halafu tukaanza kuona chupi zake zimechafuka kidogo kidogo, kila siku, na maji yenye harufu ambayo sitaieleza zaidi ya hapo. Siku moja akarudi kabla ya wakati na barua mkononi. Mwalimu ameandika kwamba mtoto anaharisha darasani, wenzake wanaziba pua, basi abaki nyumbani mpaka apone. Chini yake mwalimu mkuu akaongeza kwa wino mwingine: asiporudi kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, na yeye asubiri mwaka mzima.

Pini aliniuliza mwaka mzima ni siku ngapi. Nilimwambia ni nyingi. Akaenda kukaa juu ya magunia ya vumbi la mbao, na hakulia, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angelia.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu nyumba tuliyokulia, vinginevyo hutaelewa upuuzi uliofuata. Mama yetu alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Mtoto hakuruhusiwa kutaja kinachotoka mwilini kwa jina lolote isipokuwa "haja". Haja ndogo, haja kubwa, basi. Neno "choo" kwetu lilikuwa jengo. Lina kuta, paa na mlango. Kwamba kuna watu wanaolitumia neno hilohilo kwa kile kinachoachwa humo ndani, kaka yangu alikuwa analijua kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi zenye theluji. Halikuwa jambo la kumjia kichwani.

Na choo chetu, lile jengo, kilikuwa aibu. Fundi anatengenezea watu milango ya maana, kwake mlango wa uani unaning'inia kwa bawaba moja. Paa lilikuwa linavuja. Mwezi uliotangulia bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu kama ana choo na kikoje, na chetu alikiandika kwa wino mwekundu. Wifi alimsema mumewe juu ya hilo wiki nzima.

Basi katika hali hiyo alimpeleka mtoto zahanati. Mimi nilikuwa na gauni la harusi la watu, sikwenda. Lakini masimulizi ya chumba kile nimeyapata kwake na kwa yule muuguzi, na yanalingana neno kwa neno.

Muuguzi alisoma barua ya shule, akamtazama Pini, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akamgeukia baba. Foleni ilikuwa inafika nje getini.

"Anapata choo?"

"Anapata," akasema Robo.

"Kikoje?"

Robo akatazama chini. Akaona wino mwekundu mbele ya macho yake. "Kusema kweli, sista, si kizuri. Kimelegea."

"Majimaji?"

"Majimaji, tena mvua ikinyesha ndiyo balaa."

"Harufu je?"

"Kali. Mpaka majirani wanalalamika."

Muuguzi aliacha kuandika. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Wiki tatu hizo. Na mlikuwa mnangoja nini, baba?"

"Kazi zilinizidi, sista. Lakini nitakishughulikia wiki hii hii."

Muuguzi alimwona mzazi mzembe aliyetubu. Akaandika kuharisha. Akampa vidonge na pakiti za kuchanganya na maji, akamweleza namna ya kuchanganya, na alipokuwa anamwita mgonjwa mwingine akamalizia kwa maneno ambayo Robo aliyabeba kichwani mpaka nyumbani kama mtungi uliojaa: "Na uhakikishe mtoto anapata choo kizuri kila siku. Hilo ndilo kubwa."

Kesho yake asubuhi Robo aliahirisha kabati la mteja, akaingia uani na msumeno.

Siku nne alikuwa huko. Alibomoa paa akaezeka upya. Alitengeneza mlango mpya wenye komeo lililoteleza bila kelele. Kisha, kwa kuwa aliona kuchuchumaa ni mambo ya zamani, akajenga juu ya shimo kiti cha mbao ngumu, akakipiga randa, akakipiga msasa mara tatu, akakipaka vanishi, akakiwekea mfuniko wenye kishikio. Majirani walikuja kukitazama. Wifi aliporudi kutoka kiwandani alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema angependa kuhamia humo. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwezi ule kumwona kaka yangu akitabasamu.

Kimo cha kiti alikipima kwa magoti yake mwenyewe. Mtu yule, ambaye hawezi kumtengenezea mteja stuli bila kumkalisha kwanza na kumpima, hakumpima mtoto aliyekuwa anamjengea.

Na mimi nisijifanye nina akili. Wakati kaka anapiga misumari uani, jikoni nilikuwa natawala mimi. Mtoto anaharisha, nikasema, basi tumbo lifungwe. Nikakataza papai. Nikakataza maharage na mboga za majani. Nikampa wali mkavu asubuhi na jioni, na ndizi mbichi za kuchemsha, na zile pakiti za zahanati alipozikataa sikumlazimisha, nikaona hata maji mengi yatamwongezea tu. Niliyafanya hayo kwa mapenzi yote na kwa kichwa kitupu. Mpaka leo nikikata papai moyo unanichoma.

Pini akapelekwa kwenye kiti kipya. Akakaa ameshika kingo mbili kwa mikono yote miwili, miguu inaning'inia hewani, akiogopa kutumbukia. Akitoka tunamuuliza, "Vipi?" Anasema, "Bado." Baada ya saa moja amechafuka tena. Tumbo likawa gumu mbele, mikono ikakonda. Akaacha kumaliza chakula. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe, na kila asubuhi watoto wa jirani walipopita na mikoba yao, alikuwa anaingia ndani asionekane.

Jambo lililofuata lilitokea mchana wa siku ya Ijumaa, na nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Pini alikuwa ametoka uani dakika hiyo. Akapita karibu na kitanda cha mteja, kipya, kimefunikwa shuka, akakaa ukingoni. Aliposimama shuka lilikuwa limeharibika. Robo aliliona. Sijui uchovu wa wiki zile ulikaa wapi mpaka ukatoka kwa mkupuo, lakini alimzaba kofi la bega, kofi moja, na akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Nimekujengea choo. Unataka nini tena?"

Alikuwa hajawahi kumgusa mtoto yule.

Pini alishika bega. Akamjibu taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo lililo wazi: "Choo ninacho, baba. Choo ni kizuri. Haja ndiyo haitoki."

"Haitoki?" nikasema mimi.

"Haitoki, shangazi. Inauma. Ilitoka ngumu siku moja ikanichana, nikaibana, ikakaa. Sasa haitaki."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Hakujua siku, lakini alijua kazi za baba yake. "Tangu kabla hajaanza paa."

Nilihesabu kwa vidole. Nilipata siku kumi na mbili, pengine zaidi. Nikamtazama kaka yangu, naye alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Nilivua tepu shingoni, nikamfunga Pini kanga kiunoni, nikamwambia Robo, "Twende. Na leo nitasema mimi."

Muuguzi alitukumbuka. Kabla hajauliza chochote nikamwambia, "Sista, huyu mtoto hajaenda haja kubwa siku kumi na mbili."

Akafungua kadi. "Lakini baba yake alisema choo ni majimaji. Kimelegea, kina harufu, mvua ikinyesha..." Akaishia hapo. Akamtazama Robo. "Mvua ikinyesha."

"Paa lilikuwa linavuja," akasema Robo kwa sauti ndogo. "Nimeshaezeka."

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Robo alitamani ardhi impasukie. Lakini mwanamke yule alipomlaza Pini kitandani na kumbonyeza tumbo upande wa kushoto chini, kicheko kilifutika usoni mwake. Alichukua mkono wangu akauweka pale. Nikahisi mabonge, magumu, yamepangana.

"Na mimi nina kosa langu," akasema. "Siku ile ningembonyeza hapa, ningejua. Niliangalia foleni."

Kisha akatueleza, na alieleza vizuri. Hakuwa anaharisha hata kidogo. Haja kubwa imekaa ikawa ngumu, na ile laini ya nyuma inajipenyeza pembeni na kuvuja, mtoto mwenyewe hahisi inapotoka. Hachafui kwa kusudi, wala kwa uvivu. Utumbo umetanuka kwa kubanwa muda mrefu, umesahau kazi. Atakunywa dawa ya kulainisha, na siku za kwanza uchafu utazidi, tusiogope. Tena tusikate dawa siku ya kwanza tukiona mambo yamekuwa mazuri, maana utumbo unahitaji wiki nyingi kurudi ulivyokuwa. Akianza kutapika, au tumbo likivimba, au tukiona damu, turudi siku hiyohiyo. Maji ya kutosha. Papai, maharage, mboga za majani. Hapo nilitazama ukutani.

"Na kila baada ya kula akakae dakika kumi," akasema. "Hata kama hakuna kinachotoka, msifuni kwa kukaa. Msimgombeze. Mtoto akiogopa anabana, akibana tunarudi mwanzo. Anakaa kwenye nini?"

Robo akakieleza kiti chake, mbao, vanishi, mfuniko.

"Na miguu?"

"Miguu inaning'inia," akasema Pini kutoka kitandani.

"Basi ndiyo maana. Miguu lazima ikanyage kitu, na magoti yawe juu kuliko nyonga, kama mtu anayechuchumaa. Mtoto hawezi kusukuma akiwa ananing'inia."

Hapo kaka yangu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Magoti yazidi nyonga kwa kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo inchi moja, au moja na robo?"

"Fundi," akasema muuguzi, "hili si kabati."

Lakini tulipofika nyumbani alimpima. Alimkalisha Pini kwenye kile kiti, mlango wazi, akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya uani. Alipima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Alipima upana wa nyayo mbili zikiwa zimeachana. Akachukua vipande vya mbao akavipanga chini ya miguu yake, kimoja juu ya kingine, akiuliza kila mara, "Hapo?" Pini akawa anasema, "Juu kidogo. Hapana, sasa nimeanguka nyuma. Hapo." Nilikuwa naosha vyombo nikiwasikiliza. Nilingoja kaka aseme neno kuhusu lile kofi. Nilimwona anafungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili alichosema ni namba.

Kigoda kilikuwa tayari kabla ya jua kuzama. Kizuri, kipana, kimelala kidogo kuelekea mbele, pembe zote amezipiga msasa mpaka hazina ncha. Nilimwona akikigeuza na kuandika chini yake, kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikadhani vipimo vilikuwa vingi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kama muuguzi alivyosema, na ndoo ya kufulia haikupumzika. Safari hii hakuna aliyenuna. Wifi aliomba zamu ya mchana, akawa nyumbani asubuhi. Tulikaa kwa zamu nje ya mlango wa choo. Wifi alikuwa anamwimbia. Mimi nilikuwa namsengenyea wateja wangu, jambo alilolipenda zaidi. Robo zamu yake alikaa tu juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichonga kijiti, na Pini alituambia kwamba hiyo ndiyo zamu nzuri kwa sababu haina kelele.

Siku ya nne, baada ya uji na papai, sauti ikatoka ndani. "Shangazi. Njoo uone."

Nilikwenda nikaona. Nikamwita wifi, naye akaja. Wifi akamwita mumewe, akaja na penseli sikioni na vumbi kwenye nyusi. Tukasimama watu wazima watatu tumeinama juu ya shimo na kurunzi, na Pini akitutazama kwa zamu kama fundi anayesubiri neno la mteja. Robo akafumba jicho moja.

"Safi," akasema.

Kisha akarudi karakana haraka, nikasikia akipiga randa ubao ambao alishaumaliza jana yake. Nilipochungulia alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Nikarudi kwenye cherehani yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinyamaza.

Ilibaki shule. Siku tano zilikuwa zimebaki Robo alipompeleka Pini na barua tuliyopewa zahanati. Mwalimu alisoma barua ya muuguzi mara mbili, akasema samahani, hakujua kwamba kuna kuharisha kusiko kuharisha. Akaahidi mtoto akiinua mkono ataruhusiwa mara moja. Lakini Pini akamwambia baba yake palepale mbele ya mwalimu kwamba choo cha shule hawezi kukitumia, kwa sababu komeo liko juu, halifiki, mlango unafunguka mwenyewe na wenzake wanachungulia. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza alikuwa anabana mpaka nyumbani. Mwalimu alisema komeo hilo lipo miaka mingi, hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Robo akatoa patasi mfukoni, akaomba dakika ishirini, akateremsha makomeo ya milango mitatu mpaka kimo cha bega la binti yake. Pini akaingia, akafunga, akafungua, akafunga tena. Kesho yake alivaa sare yake, siku nne kabla mwezi haujaisha, na nafasi yake ilikuwa bado yake.

Dawa aliinywa miezi minne. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, sitaficha. Kulikuwa na wiki nzima aliyokataa maharage, na siku aliyoharibu sare asubuhi tukaibadilisha bila kusema neno. Kidogo kidogo akaacha kusimama kwenye pembe. Pini zangu zikaanza tena kuokotwa, na sasa zilikuwa zinahesabiwa mpaka hamsini.

Ninachotaka kumalizia ni mchana mmoja wa mwezi wa nne huo. Nilikuwa nimekiosha kile kigoda nikakianika barazani, miguu juu. Pini alirudi shule, akatupa mkoba, akachuchumaa mbele yake. Randa ilikuwa inakwenda ndani. Nikamwona anaweka kidole kwenye yale maandishi ya penseli.

"Ki-mo," akasoma. "I-nchi ti-sa na ro-bo."

"Mmh," nikasema, nina pini mdomoni.

"U-pa-na. Inchi ku-mi na tatu." Kidole kikashuka mstari mwingine. Huo ulikuwa umeandikwa kwa herufi ndogo zaidi. "Ni. Sa. Me. He." Akapumua. "Ma. Ma."

Randa ilisimama.

Nilitema pini. Pini mwenyewe alikuwa amekunja uso, akairudia yote kwa pamoja kama walivyofundishwa. "Nisamehe mama. Shangazi, baba alimkosea nini bibi?"

"Si bibi," nikasema. "Humu ndani baba yako anamwita nani mama?"

Nikaona jibu linamfikia, kwanza machoni, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bega. Akainuka akaingia karakana. Robo alikuwa amesimama na randa yake, hajui aiweke wapi. Pini akapanda juu ya kipande cha gogo, akamchomoa penseli sikioni, akarudi nayo barazani, akalala kifudifudi mbele ya kigoda na kuandika, ulimi nje, herufi moja baada ya nyingine, chini ya maneno ya baba yake.

Aliandika SAWA.

Robo akaja kutazama. Akafumba jicho moja, kama kawaida yake, akaiona ile S imetazama upande wa pili. Mtu yule hajawahi kuacha kosa la hata robo inchi likatoka mikononi mwake. Hiyo hajaigusa mpaka leo.